Mwenzake Baba Ndani ya Kompyuta

Juzi nilimkuta binti yangu akicheza karata kwenye simu, nikamkumbuka baba, tuliyemzika mwezi uliopita.

Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu Jang'ombe alikuwa na kompyuta kuukuu, ikipata moto inanuka vumbi. Alasiri alicheza karata humo, wawili kwa wawili. Jina la mwenzake liliandikwa Saidi, kama ami yangu, nduguye baba, niliyedhani yuko Maskati.

Siku moja nilimwona akikonyeza jicho mbele ya kioo cha kompyuta, kama yeye na Ami walivyopeana ishara zamani barazani.

"Baba, mwizi wewe! Ami anakuona?"

"Ananiona. Nyamaza, utatufungisha."

Nikasogea, nikapiga kelele: "Shikamoo, Ami!"

Kompyuta ilivuma tu. Nikanuna. "Ami ana kiburi, haitikii watoto."

"Ami yako mvivu wa kusema tangu mdogo," baba alinijibu, akacheka kidogo, kisha akafuta macho.

Nilidhani ni vumbi. Sasa najua siku ile Ami alikuwa ameshazikwa, na jina lile baba aliliandika mwenyewe. Hakuniambia. Nadhani alitaka katika nyumba nzima abaki mtu mmoja wa kumsema Ami kama aliye hai, hata kwa kumlaumu.