Eulalia na Ngome ya Majasusi

Eulalia Urbán alizaliwa hapa Tultepec, mji wetu wa mafundi wa fataki, asubuhi ile ghala la baruti la baba yake liliporuka. Mkunga aliapa kwamba mtoto hakulia. Aligeuza shingo kutazama moto umetoka rangi gani. Mimi sikuwepo, lakini kwetu ni mlango wa pili, na ya mlango wa pili mtu huyajua kuliko ya kwake.

Alikua akiviringisha mirija ya karatasi kama sisi wanawake wote. Kazi yetu ilikuwa hiyo: karatasi, gundi, na kunyamaza. Kusimamisha mnara wa fataki uwanjani, ule wa mbao unaowaka ghorofa kwa ghorofa, sikukuu ya Mtakatifu Yohane wa Mungu, ilikuwa kazi ya mafundi wanaume. Eulalia aliutaka mnara ule kama mwingine anavyotaka mume. Mume alimpata, akafa. Hamu ya mnara haikufa. Kila mwaka alikwenda kuuomba kwa Don Porfirio Olguín, mkuu wa mafundi, mtu mwenye vidole saba na maneno elfu saba.

"Mama Eulalia, wewe hata maharage unaunguza, mnara utauweza?"

"Nayaunguza kwa sababu nawaza mnara, Don Porfirio."

Mwaka mmoja wakaja watu wa filamu kutoka jijini. Filamu yenyewe ilikuwa ya majasusi: shujaa anaingia ngome ya maadui kwa kujifanya muuza maziwa, anatega bomu, anatoka mbio, na ngome inalipuka nyuma yake naye hageuki hata kidogo. Ngome waliijenga kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa, ghorofa tatu za mbao na plasta, mlingoti wa redio juu ya paa, na mkubwa wa maadui, sanamu la majani makavu, ameketi kitini pale juu. Ngome ilikuwa moja tu. Mbao za kujenga nyingine hazikuwepo.

Mwongozaji wao, Bwana Arizmendi, kijana wa kuvaa skafu kwenye jua kali, akaomba fundi wa kuilipua. Don Porfirio akakataa: mafundi wa Tultepec hupendezesha macho ya watu, hawabomoi nyumba. Eulalia akanyoosha mkono.

"Nikiilipua vizuri, mnara wa mwaka huu ni wangu?"

Don Porfirio akacheka mpaka akashika ukuta. "Ukiilipua vizuri, mnara ni wako, na kamba za kuuinua nitavuta mimi mwenyewe. Ukiharibu, usinikanyagie tena mlangoni mpaka ufe."

"Jamani, mmesikia?" Eulalia akatuuliza.

Tukasema tumesikia.

Siku tatu tulifunga baruti mle ndani, yeye akifunga, mimi nikimkatia nyuzi. Bwana Arizmendi alitaka mlipuko mmoja, bum, kwisha. Lakini mikono ina mazoea yake. Mikono ya mtu aliyetazama minara ya fataki miaka arobaini ilifunga tambi za kuwashia kama za mnara: ghorofa ya chini kwanza, kisha nafasi watu wapige makofi, kisha ya pili, nafasi tena, kisha ya tatu, na juu kabisa taji, lile gurudumu la moto linalozunguka na kuruka angani. Yeye hakugundua. Mimi nami sikugundua, nilikuwa nasimulia habari za shemeji yangu.

Siku ya kupiga picha, mchana kweupe, mji mzima ulikaa pembeni na tamali zake, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda. Jasusi akatoka mbio na ndoo ya maziwa. Bum! Ghorofa ya chini ikatapika moto wa kijani. Halafu kimya. Moshi ukapungua, na ngome imesimama palepale.

"Maharage yameungua!" Don Porfirio akapiga kelele.

"Imezimika! Mwanamke huyu ameniua!" Bwana Arizmendi akatupa skafu, akaanza kuiendea ngome. Wapiga picha waliendelea tu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

Hapa kwetu hata mtoto anayenyonya anajua kwamba mnara hausogelewi kati ya ghorofa na ghorofa. Hapo ndipo Eulalia alipotambua mikono yake imefanya nini. Alikimbia na viatu vyake vya kanisani, akamrukia mwongozaji mgongoni, akamlalia na uzito wake wote, na haukuwa haba.

"Niache, mama! Utanivunja!"

"Tulia, mwanangu. Bado inapumua."

Ghorofa ya pili ikaitika. Madirisha yakaruka kama kuku. Ikapumua. Ya tatu ikafunguka kama maganda ya tamali. Kisha paa likapiga mluzi, likaanza kuzunguka, likapaa zimazima na mlingoti wake na mkubwa wa maadui kitini. Alipita juu ya kengele za kanisa bado ameketi, mguu juu ya mguu. Wapo wanaosema alitua mbali kule Puebla. Hao ni waongo. Alitua Texcoco, hapa karibu, na binamu yangu alimwona.

Jasusi, aliyekatazwa kugeuka, aligeuka akapiga ishara ya msalaba.

"Mmepiga?" Bwana Arizmendi akauliza kutoka chini ya Eulalia.

"Yote, bwana!"

Akambusu Eulalia mikono yote miwili. "Mama, niliomba mlipuko mmoja!"

"Nimekupa minne. Usilalamike."

Don Porfirio akajaribu kusema kwamba ile haikuwa kulipua, ilikuwa kusherehekea. Mji mzima ukamjibu kwa sauti moja: "Tulisikia!"

Asubuhi ya sikukuu Eulalia alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Vuta, Don Porfirio! Huo ni mnara, si mkia wa ng'ombe!"

Akavuta, jasho likimtoka hadi masharubuni, na mnara ukainuka, ukasimama wima. Eulalia akauzunguka mara moja akiugusagusa. Kisha akatugeukia sisi wanawake, akatuambia tuache gundi, tupande tukafunge tambi.