Basi namba tisa na bonasi ya Mama Geti

Hakujapambazuka vizuri, na yadi ya kampuni ya usafirishaji imejaa moshi wa injini zinazopashwa moto. Mwanamke mwenye koti la bluu lililomzidi ukubwa amesimama getini, kalamu sikioni, tochi mkononi. Hakuna gari linalotoka mpaka yeye asogee pembeni.

Madereva wanamwita Mama Geti. Cheo chake ni meneja wa magari, na anayo ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka, lakini ukienda kumsubiri huko asubuhi utaota mvi.

"Gari linasemea getini," anasema. "Ofisini zinasema karatasi."

Siku nyingine angekuwa anataniana na madereva, huyu amenyoa vibaya, yule shati lake halijapigwa pasi. Leo hana utani na mtu. Kila injini inayochelewa kuwaka inamfanya ageuze shingo.

Ni siku ya mwisho ya miezi mitatu ambayo Mama Geti ameihesabu kama mjamzito anavyohesabu wiki. Kampuni ina magari arobaini na matatu, mengi yakiwa mabasi yanayobeba wafanyakazi wa viwandani. Mkataba wake unasema kwamba magari yasiyopungua arobaini yakitoka kila siku ya kazi kwa miezi mitatu, anapata bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Yakitoka thelathini na tisa, hata kwa siku moja, bonasi imekula kwake.

Leo magari matatu yamelala gereji. Yamebaki arobaini kamili, na moja kati ya hayo ni basi namba tisa, ambalo limetoka kufungwa breki.

Bonasi hiyo ameshaitumia kichwani. Anataka kulipia mtihani wa mwisho wa cheti cha usimamizi wa usafirishaji. Karatasi nyingine zote ameshafaulu, imebaki moja, na dirisha la kulipia linafungwa wiki hii. Likimpita, atasubiri nusu mwaka.

Mshahara wake hataki utajwe gazetini. "Ndugu ni wengi," anasema, na hapo kidogo anatabasamu. Anakubali kusema tu kwamba ni mara mbili na nusu ya mshahara wa dereva wa basi.

"Watu wanasikia meneja, wanadhani naogelea kwenye pesa. Dereva wa lori akipata safari mbili nzuri za mbali, mwezi huo ananipita. Na yeye akifika kwake anazima simu, analala. Yangu haizimwi hata msibani."

Rafiki yake, waliyeanza naye kwenye meza moja ya kupanga safari, sasa anasimamia magari kumi na tano tu. Analipwa karibu mara mbili ya Mama Geti. Tofauti ni kwamba magari ya rafiki yake yanabeba mafuta, na kampuni ile ni kubwa, ina wenye hisa na ngazi za mishahara zinazojulikana. Pia rafiki yake ana cheti. Kule kampuni ya bima haikubali mzigo wa mafuta usimamiwe na mtu asiye nacho.

"Kwa hiyo mafuta yanalipa kuliko watu," anasema Mama Geti, na safari hii hatabasamu. "Mimi nabeba watu."

Kwenye kampuni za mtu binafsi kama yake, anaeleza, mshahara unategemea mwenye mali ameamkaje. Uzoefu unahesabika, wingi wa magari unahesabika, lakini hakuna palipoandikwa ni kwa kiasi gani. Alipoomba nyongeza baada ya miaka kumi na mmoja ya kazi, mwenye kampuni, ambaye kila mtu hapa anamwita Mzee, hakukataa wala hakukubali.

"Aliniambia, 'Mwanangu, ukitaka zaidi, toa magari zaidi.' Ndipo ikazaliwa hii bonasi. Nilifurahi siku ile. Sikujua ananifunga kamba nijivute mwenyewe."

Maana meneja huyu ndiye mwenye mamlaka ya kulilaza gari bovu. Akililaza, anajikata mwenyewe.

Yadi hii ina sheria ambayo haipo kwenye mkataba wowote. Mama Geti aliileta katika mwaka wake wa pili kazini, siku lori liliporudi limefungwa tairi kwa nati tatu badala ya kumi. Alisema tangu leo, fundi akishatengeneza gari, yeye ndiye abiria wa kwanza. Apande, akae mbele, aende nalo safari ya kwanza mpaka mwisho.

Mafundi walinuna wiki nzima. Baadaye wakazoea. Fundi mkuu, mtu mzima wa maneno machache anayeitwa Grisi, ana kofia yake ya sufu ya kazi hiyo. Akimaliza kutengeneza, anafuta mikono, anavaa kofia, anapanda. Wala haulizwi kama gari limepona, kofia imeshajibu.

Leo magari yameshatoka thelathini na tisa. Basi namba tisa linanguruma karibu na gereji, dereva yuko kwenye usukani, na Grisi amesimama chini anafuta mikono. Anaifuta tena. Mikono yenyewe ilishatakata zamani.

Mama Geti anamwendea.

"Fundi, limepona?"

"Nimelifunga."

"Sijakuuliza hivyo."

Grisi anakitazama kitambaa chake. "Masta ya breki tuliyoagiza haijaja, mama. Nimechomoa ile ya basi bovu la kule nyuma, nikaisafisha, nikaiwekea raba mpya. Imeshika. Ila kuapa, siapi."

"Kofia yako iko wapi?"

Grisi anarudia kufuta mikono.

Masta ya breki ndiyo inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Ikikataa, dereva anakanyaga hewa. Na njia ya basi namba tisa inapita mteremko mrefu unaoishia kwenye makutano ya barabara, likiwa na watu arobaini na zaidi, wengine wamesimama.

Mama Geti anazima tochi, anaiwasha, anaizima. Simu yake inalia. Ni kiwandani, wanauliza basi liko wapi, watu wamejaa kituoni.

"Linakuja," anasema. Anakata simu, kisha anasema peke yake, "Au haliji."

Hapo ndipo gari la Mzee linapoingia.

Mzee si bosi wa kuzaliwa. Alianza na basi moja la mkopo, akiliendesha mwenyewe, akilala kwenye kiti cha nyuma. Mabasi sita kati ya haya bado yana deni la benki, na kiwanda kinamkata pesa kila basi likichelewa. Anatazama saa, anatazama basi, anaelewa bila kuambiwa.

"Kwa nini hili liko hapa?"

"Fundi hajapanda, Mzee."

"Fundi ana mguu mbovu?"

"Ana wasiwasi na breki."

Mzee anacheka kwa pua. "Wasiwasi! Mimi nimeshuka milima bila breki kabla wewe hujaota meno. Mwanangu, unajua leo ni siku gani kwako?"

"Naijua kuliko wewe."

"Basi acha mchezo. Litoke. Kama shida ni mtu wa kupanda, nitapanda mimi."

Dereva wa basi, kijana mpole wanayemwita Taratibu kwa mwendo wake, anachungulia dirishani kama mtu anayesubiri kusikia kesi yake.

"Panda, Mzee," anasema Mama Geti. "Lakini liende tupu, na liende humu humu ndani. Lishuke mpaka sehemu ya kuoshea magari. Likisimama pale mara tatu, nitasogea getini."

Baadaye atakiri kilichokuwa moyoni mwake wakati ule. "Niliomba breki zishike. Na sikuomba kwa ajili ya abiria. Niliomba kwa ajili ya mtihani wangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kwamba nilikuwa natamani fundi awe amekosea."

Mzee anapanda, anakaa kiti cha mbele kando ya mlango, mikono magotini, kama bwana harusi. Taratibu anaachia breki ya mkono na basi linaanza kushuka.

Anakanyaga mara ya kwanza. Linasimama pale pale, na Mzee anawapungia mkono waliobaki juu. Mama Geti anavuta pumzi.

Mara ya pili linasimama tena, ila limesogea kidogo kabla ya kutii. Grisi anaacha kufuta mikono.

Mara ya tatu taa za nyuma zinawaka nyekundu na basi haliachi kwenda. Taa zinazima, zinawaka, zinazima. Inasikika gia ikiingizwa kwa nguvu, injini inapiga kelele, na basi linakata kona kuelekea ukutani, palipopangwa matairi yaliyochakaa. Linayakumba, linapanda nusu, linarudi nyuma kidogo, linatulia.

Mama Geti amefika kabla injini haijazimwa. Hajui alikimbiaje kwa viatu vile.

Taratibu amekumbatia usukani. "Ilizama, mama. Pedali ilizama mpaka chini."

Mzee anashuka mwenyewe, akichechemea. Goti lake limegonga chuma cha mbele ya kiti. Anasimama anayatazama matairi, kisha ukuta ulio nyuma ya matairi, kisha barabara iliyo nje ya ukuta.

"Lilazeni," anasema mwishowe.

Mama Geti anaitoa kalamu sikioni. Yametoka thelathini na tisa. Miezi mitatu imekwenda na maji.

Mzee anamwona. Anamsogelea, anashusha sauti, ingawa Grisi amesimama hapo hapo.

"Andika limetoka."

"Mzee?"

"Limetoka si limetoka? Limetoka gereji, limefika kwenye matairi. Chukua bonasi yako, mwanangu. Umeistahili."

Ni utani, na si utani. Ni wema pia. Mama Geti anasema mate yalimjaa mdomoni, kama mtu mwenye njaa aliyefunuliwa chungu.

Lakini anaijua kampuni yake. Gari lililoandikwa limetoka linahesabiwa kuwa ni zima, na gari zima haliagiziwi kifaa. Masta mpya ya basi namba tisa imeshangojwa muda mrefu kwa sababu ofisi ya manunuzi huanza na magari yaliyolala. Akiandika limetoka, kesho itabidi litoke tena, kwa masta ile ile.

"Siwezi, Mzee. Nikiandika limetoka, halitatengenezwa."

"Kichwa ngumu wewe."

"Ndiyo, Mzee."

Anaandika limelala. Kisha anawapigia madereva wawili walio karibu wabebe abiria wa namba tisa kwa zamu. Kiwanda kinafoka kwenye simu, naye anaisogeza mbali na sikio mpaka wachoke.

Mchana anampigia mume wake, fundi cherehani, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisubiri habari.

"Umelilaza?" mume anauliza.

"Nimelilaza."

"Basi wahi kurudi nyumbani, tulalamike wote."

Anacheka, halafu anageukia ukutani na kujifuta macho kwa mkono wa lile koti kubwa. Anasema wazi kwamba imemuuma. Nusu mwaka si mchezo kwa mtu ambaye kila anapokutana na rafiki yake wa magari ya mafuta lazima achague kama atafurahi naye au atamwonea wivu.

Alipoulizwa angependa nini kibadilike, hakutaja kiwango cha mshahara.

"Kipimo," anasema. "Wanipime kwa kitu kingine. Kutoka, kila gari linajua kutoka, hata bovu. Leo limetoka bovu na mwenye nalo yuko ndani. Mimi nataka nilipwe kwa magari yanayorudi."

Mzee, akiwa ofisini kwake na mguu juu ya stuli, alipoulizwa na gazeti hili kama atakubali, alilipapasa goti lake kwa muda mrefu.

"Ana haki," alisema. "Lakini mimi najijua. Nina benki, nina kiwanda. Saa hizi goti linauma, nakubali kila kitu. Likipoa nitasahau. Mwambieni aniwahi kabla halijapoa."

Jioni Mama Geti yuko tena pale pale, akiyapokea magari. Anayagonga ubavuni kwa kiganja kila moja linapopita, na madereva wanapunguza mwendo ili awafikie. La mwisho linaingia likiwa na vumbi mpaka kwenye kioo. Yote thelathini na tisa yamerudi.

Anaambiwa alichosema Mzee. Anasimama, mkono kwenye komeo la geti.

"Goti lipi?"

Anaambiwa ni la kulia.

"Lile baya la siku zote? Hilo halipoi usiku mmoja." Anaanza kusukuma geti. "Basi kesho asubuhi hapa asimame Grisi. Mimi nina kikao na goti."