Siku Niliyojifanya Mnunuzi wa Vyuma Chakavu Masanze

Jamani, hii habari nilishaamua nitakufa nayo, ila watu wa Masanze wameisambaza mpaka huku kwetu Mikumi, na sasa kila dereva wa lori anayesimama kijiweni kwangu ananiita "Mama Vyuma", kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe nilivyoumbuka kabla hamjasikia ya kuongezewa chumvi.

Mimi kazi yangu ni kushona viti vya magari, hapa hapa kando ya barabara kuu. Siku moja Dulla, fundi makenika tunayepakana naye banda, akaniambia kuna gari la kizamani Masanze, Pijo 404, imelala chini ya paa la bati nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, Mwalimu Nikodemu. Nikaenda kuichungulia kwa mbali tu, nikarudi sili. Nilishaanza kuiona imepakwa rangi ya maziwa, viti nimeshona mwenyewe, inapeleka maharusi Kilosa mjini huku watu wanatoka madukani kuishangaa (maana harusi zetu siku hizi ni magari yale yale meupe, huwezi kujua lipi la bibi harusi na lipi la kamati).

Hela nilikuwa nayo, milioni tatu, jasho la miaka. Shida ilikuwa nitoe kiasi gani. Dulla akanipigia hesabu: breki zote, matairi, kabureta, kutu ya kukata na kuchomelea, rangi. Akasema, "Dada, ukimaliza zote kwenye kununua, kutengeneza utatengeneza kwa maombi? Usivuke moja na nusu. Na ukifika, usioneshe kama unaipenda."

Ushauri mzuri kabisa. Mimi sasa, kwa akili zangu, nikajijua kwamba uso wangu hauwezi kuficha kitu (nikipenda kitambaa dukani muuzaji anapandisha bei kabla sijafungua mdomo), nikaamua basi nitasema mimi ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Kitu kidogo tu, ka-uongo ka dakika tano.

Tukafika na pikipiki ya Dulla. Mwalimu alikuwa amekaa barazani na koti lake, mkewe Bi Tabitha anapukuchua mahindi.

"Shikamoo Mwalimu, shikamoo mama."

"Marahaba, karibuni."

"Tunapita tunanunua vyuma chakavu. Tumeona hilo gari, tukasema labda tuwapunguzie mzigo."

Mzee akaliangalia gari, akaniangalia mimi. "Kwa kilo?"

"Kwa kilo, Mwalimu."

Akainuka taratibu, akaenda kupangusa boneti kwa kiganja, na mimi badala ya kuona aibu pale pale nikawa nafurahi moyoni kwamba bei imeporomoka. Dulla akasema ngoja aangalie chini, akajilaza, akaingia uvunguni.

Sasa Bi Tabitha naye, kwa wema wake, akasimama kwenye uzio akapaza sauti, "Wa vyuma wamekuja huku!"

Weee! Sikujua kijiji kile kina vyuma vingi vile. Wakaja na sufuria zisizo na matako, majembe, ringi za baiskeli, cherehani isiyo na mguu, bibi mmoja kabeba bati kichwani kutoka juu mlimani, jasho linamtiririka, wote wakapanga foleni mbele yangu, wananisalimia kwa heshima. Mmoja akauliza, "Mizani iko wapi?"

Nikajibu, "Inakuja na lori." (Lori! Nani alinituma?)

Wakakaa chini kulisubiri. Mara akaja mzee wa kanisa na kipande cha reli, kile walichokuwa wakigonga kama kengele kabla hawajapata kengele ya kweli, akakibwaga karibu na miguu yangu, ngwaa!

Na huo mlio haujaisha masikioni, pikipiki ikaingia uani: mtendaji wa kijiji na mgambo wake. Kumbe huko bondeni vyuma vya reli vilikuwa vinaibwa, na wanaotafutwa ndio hao hao wanunuzi wa kupitapita.

"Mnunuzi nani?"

Vidole vyote kwangu.

"Leseni yako?"

"Iko kwenye lori."

"Lori liko wapi?"

"Limeharibika Rudewa."

"Mpigie dereva. Weka sauti kubwa, tumsikie wote."

Nikatoa simu. Sina namba ya dereva yeyote wa kunitetea, na Dulla alishakuwa kimya uvunguni kama hayupo, basi kwa kuchanganyikiwa nikapiga namba ya kwanza iliyokuja, nikitegemea atakayepokea atajibu kama dereva, na simu ikaanza kuita chini ya Pijo. Muziki mkubwa wa kucheza, kijiji kizima kinasikiliza, na miguu miwili ya Dulla inaonekana inajikunja kama kobe. Mgambo akamvuta kwa viatu.

Hapo nikalia. Nikasema yote, mbele ya foleni nzima: sinunui vyuma, mimi ni fundi wa viti, nalitaka hili gari mpaka usingizi umenikimbia, nimedanganya ili nilipate kwa bei ndogo. Watu wakacheka, wengine wakanisonya. Mtendaji hakucheka. Akaonesha kiti cha pikipiki yake, kimechanika, sponji imetoka nje. "Fundi wa viti? Haya, shona."

Bahati sindano na uzi havikosekani kwenye mkoba wangu. Nikakaa mavumbini na gauni langu la heshima, nikashona kile kiti huku watu wamenizunguka wananisimamia kama mtihani. Nilipomaliza mtendaji akakalia, akajitikisa, akasema, "Huyu fundi kweli. Wizi angeuweza wapi, hata kudanganya kumemshinda." Dulla akapewa kazi ya kumrudishia yule bibi bati lake mlimani.

Nikabaki na Mwalimu. Nilijua sasa ananifukuza. Akauliza, "Kwa hiyo ulitaka litembee tena?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Gari hili limeleta watoto wangu wote kutoka hospitali. Nilikuwa nimekaa pale nakubali likatwe, kwa kuwa nilidhani hakuna anayelitaka. Ungeondoka nalo kwa bei ya chuma." Akafuta macho kwa koti. "Sasa nitajie bei ya gari."

Tukalizunguka pamoja. Mimi nikamwonesha kutu chini ya milango, yeye akanionesha kwamba vioo vyote ni vya asili na hakuna kilichopasuka. Halafu akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Gia ya tatu inaruka. Iweke kwenye hesabu yako." Mimi niliyekuja kumdanganya! Nikasema moja na nusu.

"Hiyo ni bei ya aibu au ya gari?"

"Ya gari, Mwalimu. Nikizidisha hapo halitatoka bandani kwa Dulla."

Akafikiri. "Nipe moja na laki nne. Hiyo laki inayobaki ikaanzie breki, usije ukaniulia maharusi."

Toka siku hiyo nimeapa, kitu nikikipenda nasema nakipenda, na bei tutaipatanisha tukitazamana usoni.

Jumapili iliyopita injini imewaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mpaka wauza nyanya wakatukimbia, kisha ikatulia. Nikampigia Mwalimu, nikasogeza simu kwenye boneti. Akasikiliza, halafu nikamsikia anaita, "Tabitha! Njoo, njoo usikie!"

Bi Tabitha akaichukua simu. "Mwanangu, mimi siku ya ndoa yangu nilipandishwa trekta la shamba la mkonge. Likiisha kutengenezwa hilo gari, utufuate sisi kwanza. Shela nitaazima."

Sasa hivi niko kwenye kiti cha nyuma, nakishona.