Roketi ya Kengele

Mama yangu amemlaani mtu mmoja kila jioni tangu nikiwa msichana mdogo, na hakuwahi kumwona. Alimwita tu "huyo wa roketi". Akishamaliza kuuombea ukoo mzima, majirani na serikali, alimkabidhi huyo mtu kwa Mungu ashughulikiwe. Sisi tuliitikia amina, na mdogo wangu aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jicho la kushoto la mdogo wangu lilikwenda na roketi ya kuchezea. Tulikuwa tukiishi Huruma, na mama alikuwa na kibanda chini ya fleti. Krismasi hiyo aliongeza roketi kwenye bidhaa zake: bomba la karatasi ngumu, mabawa matatu ya kadibodi, ncha ya mti, na baruti kidogo yenye utambi. Alimpa mwanawe moja bure. Mdogo wangu akaisimamisha kwenye kokoto nyuma ya ploti, akawasha. Moto ukafifia. Akafanya jambo ambalo mtoto yeyote aliyelelewa na jiko la makaa angefanya. Aliinama akapuliza.

Kilichobaki ni ile ncha, yenye alama ya kengele iliyochomwa kwa chuma cha moto. Mama aliiweka kikombeni, ndani ya kabati, na mtu akiigusa alipigwa kofi.

Nilipopata simu ya maana, nikagundua kuna wanaume wazima huko ng'ambo ambao kazi yao ni kuwasaka watengenezaji waliosahaulika wa roketi za kuchezea za zamani. Niliwatumia picha ya ncha. Walichangamka ajabu. Kengele walikuwa wameiona mara moja tu, wakaandika: Nairobi, mtengenezaji hajulikani. Wakaniuliza sehemu nyingine zilikwenda wapi. Niliwaambia zilimwingia ndugu yangu usoni. Mmoja alijibu kwamba hiyo ni bahati mbaya, kisha akauliza kama ncha inauzwa. Sina adabu ya kurudia nilichomwandikia.

Nikaingia kwa mafundi mbao wa Kariobangi, karakana baada ya karakana, na ncha mkononi. Wengine walidhani namsaka bwana aliyenitoroka. Mwishowe fundi mmoja wa miguu ya vitanda akaigeuzageuza, akacheka. Ujanani mwake alizichonga hizo gunia zima, kwa mtu ambaye sasa amestaafu na anaishi Donholm. Alinielekeza hadi geti.

Nilipompa mama habari hizo, alifunga kitambaa chake cha kanisani siku ya kazi. Magoti hayakumruhusu kwenda, kwa hiyo alitutuma mimi na mdogo wangu. Alitaka kitu kimoja tu: mtu huyo akiri kwa kinywa chake kwamba ndiye aliyempofusha mtoto wake.

Mzee alitupokea kwa chai. Alidhani tumekuja kumsifu, na kabla sijafungua mdomo aliingia chumbani akatoka na katoni ya roketi, ya mwisho aliyobaki nayo. Juu ya kifuniko, kwa herufi nyekundu, Kiswahili kikiwa juu ya Kiingereza, ilikuwa imeandikwa: UTAMBI UKIFIFIA, KAA MBALI. USIPULIZE.

Hayo aliyaongeza mwenyewe, alisema, maana anawajua watoto wa huku, wakiona moto lazima wapulize. Tena aliwakataza wauzaji wasizitoe ndani ya katoni.

"Lakini watu wa vibanda, utawaambia nini?" alisema. "Wao ni kufungua, wauze mojamoja."

Niliweka kikombe chini. Kibanda chetu kiliuza sigara mojamoja, mkate nusu, hata vidonge vya kichwa kimoja kimoja. Na katoni zote mama alizirarua kuwashia jiko. Kikulacho ki nguoni mwako, tulikariri shuleni. Hawakutufundisha ufanye nini ukishakijua.

Nilimtazama mdogo wangu. Naye alikuwa ameigeuzia katoni upande wake unaoona, miwani myeusi usoni.

Mzee akamuuliza kama utotoni aliwahi kurusha moja.

"Moja tu, mzee."

"Ilipanda?"

"Ilipanda poa sana."

Getini nilimwakia. Nilitaka tuende moja kwa moja Mowlem, anakoishi mama siku hizi, asikie yote, na hizo laana zake azirudishe zilikotoka. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Siste, wachana nayo," alisema. "Jicho ni langu. Matha hataambiwa."

Mama alikuwa mlangoni, kitambaa bado kichwani. Ndugu yangu alimwambia tumefika tukakuta kaburi.

"Alijuta?"

"Wanasema alijuta sana."

Jioni hiyo alimwombea kila mtu kama kawaida, akafika kwa huyo wa roketi, akasita. Kisha akasema amemsamehe, kwa sababu sisi sote tu wakosefu. Ndugu yangu aliitikia amina kwa sauti kubwa. Mimi nilimchukia mama wakati huo, na nilimchukia ndugu yangu kwa wema wake, na mdomo wangu haukufunguka.

Mama alifumbua macho, akanitazama kwa huzuni.

"Mwanangu," aliniuliza, "huo moyo mgumu umeutoa wapi?"