Mama Lami na Viraka vya Barabara Mpya

Jua la asubuhi limeshaanza kuchoma, na Mama Lami amepiga magoti pembezoni mwa barabara, anang'oa kwa tindo lami iliyolegea. Malori yanampita ubavuni yakimpigia honi. Barabara hii ni mpya, na yeye alikuwemo katika kundi lililoitandaza.

"Usikanyage hapo, mwanangu, panameguka," anamwambia mwandishi wa habari aliyekuja kumhoji, kisha anacheka kicheko kisicho na raha.

Kazi yake ilikuwa reki: kusawazisha lami ya moto kabla haijashindiliwa. Mikono ina makovu hadi viwikoni, na kwa reki hakuna aliyemfikia. Mnyapara alimwahidi kwamba barabara hii ikikamilika salama, ataajiriwa moja kwa moja, mambo ya kibarua basi.

Lakini lami hii haikuwa ile aliyoizoea. Ilichanganywa na polima, kitu kinachoifanya ivutike kama mpira, isipasuke kwa jua wala kubonyea chini ya malori. Nayo inanata kama ulimbo. Reki ilipogoma, akafanya walichofanya vibarua miaka nenda miaka rudi: akaichovya kwenye dizeli. Akaichovya tena na tena. Dizeli ikadondoka na kuilainisha lami palepale ilipotakiwa kushikana.

Wakubwa walishaelezwa kwenye semina kwamba dizeli ni marufuku. Vibarua hawakuitwa.

Mvua za kwanza zikapita, lami ikaanza kumeguka, yote upande aliousawazisha yeye. Ajira ikaota mbawa. Mnyapara alipoulizwa, alisema kwa upole kwamba dada yule ni mchapakazi, ila kosa lina mwenyewe. Akampa kazi ya kuziba viraka, kwa malipo ya kutwa.

"Sikatai, mkono ni wangu," anasema Mama Lami. "Ila mdomo wa kuniambia ulikuwa wa nani? Walijifungia kwenye viyoyozi, wakaambizana wenyewe kwa wenyewe."

Nyumbani ndiko kunakomuuma zaidi. Bintiye, aliyejigamba shuleni kwamba barabara ile kaijenga mama yake, siku hizi huzunguka njia ya vumbi. Mama hajamuuliza sababu. Anaijua.

Barabara nyingine itatandazwa karibuni, kwa lami hiyohiyo. Ameomba arudishiwe reki, sasa aichovye kwenye maji ya sabuni badala ya dizeli, kama alivyoelekezwa baadaye. Amejibiwa kwamba wataangalia kwanza viraka vyake kama vimeshika.

"Nikiziba vizuri, kibarua kinaisha, nakaa nyumbani nikiwangoja," anasema. "Nikiziba vibaya, nakula kila siku, lakini reki siishiki tena."

Anashindilia kiraka kingine, anakipapasa kwa kiganja.

"Naziba vizuri."