Pini Nne Mdomoni

Kaka na dada hushona duka moja; kaka ndiye fundi wa nguo, na kiuno cha mteja hakipimi mara moja, hukipima mara mbili, pini nne zimebanwa midomoni, hata wateja huwajibu "Mm." Pini hizo humtoka kwa mtu mmoja tu, yule binti anayegawa karata za kamari ya ishirini na moja, mubashara kwenye simu. Hapo huzitema kiganjani, hufunga kifungo cha shingo na kumwamkia, kana kwamba binti anamwona! Dada mtu, anayeshona vifungo meza ya pili, humsonya kutwa. Na kanuni za mchezo kaka anazijua nje ndani. "Dau unaliongeza maradufu ukiwa na kumi na moja, naye mgawaji ameonyesha sita," humhubiria dada yake. "Maana ukishaongeza unapewa karata moja tu, hakuna kurudi nyuma."

Leo kaka alikuwa na kumi na mbili, binti ameonyesha kumi. Hata mtoto wa chekechea angejizuia. Lakini binti alitabasamu, akasema, "Karibu tena, Fundi," jina alilojiandikisha nalo, basi mwanamume mzima na ndevu zake akabonyeza maradufu. Ikaja kumi. Ishirini na mbili, amepita ishirini na moja, kwisha habari yake.

"Pole, Fundi," binti akasema.

"Usijali, dada yangu, si kosa lako," akamjibu kwa sauti laini ambayo dada yake wa tumbo moja hajawahi kuisikia.

"Kaka, na ile hela yangu ya cherehani uliyoniwekea, bado ipo?" dada mtu akauliza.

Akaokota pini moja baada ya nyingine, akazirudisha mdomoni zote nne.

"Mm," akasema.