Usukani Mgumu na Kikapu cha Kahawa

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, dereva wetu Projesti alirudisha Landrova ya baba kutoka kwa fundi wa Nkwenda. Ilikuwa na springi mpya na usukani mgumu. Alishuka akinuka jasho na petroli, viganja vimevimba.

"Shikamoo mzee. Haikati kona. Tuirudishe kwa fundi kabla ya kupakia mizigo."

"Gari ni zima," baba alisema. "Mikono yako ndiyo ya uji. Au nitafute mwanamume?"

Wageni wawili pale barazani walicheka. Baba alizungusha kikapu cha kahawa ya kutafuna, akampa kila mtu, hata mimi mtoto, akampita Projesti. Nilidhani ni kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu, nikamletea maji anawe. Wageni wakacheka zaidi. Projesti alinawa taratibu, akanishukuru, akaondoka kwa miguu kuelekea Kituntu. Sikujua kwamba kwetu, anayenyimwa kahawa hiyo mbele ya watu ameshafukuzwa.

Wiki iliyopita, nikiwa sasa mtu mzima, niliona gerejini Landrova kama ile, nayo ina springi mpya na usukani mgumu, imeinuliwa kwa jeki. Fundi alifungua fimbo inayounganisha usukani na magurudumu, na usukani ukazunguka kwa kidole kimoja. Magurudumu yenyewe yaligoma.

"Aliyefunga springi alikaza pia pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, kupita kiasi," alisema. "Hii hata ng'ombe dume hawezi kuikatisha kona."

Mshahara wa Projesti wa mwezi ule aliofukuzwa haukulipwa. Baba aliokoa shilingi elfu ishirini.